Kamba ya Ng'ombe wa Chula

Sifa inanuka, na sina namna ya kulipamba jambo hili. Nasema sifa ya vyombo, yale mafuta ya ini la papa yanayoachwa juani ndani ya pipa mpaka yaive, kisha yakapakwa mbao ili zisiliwe na wadudu wa baharini. Baba yangu Shee alikuwa kalafati pale kisiwani Chula, kazi yake kuziba nyufa za vyombo kwa pamba iliyoloweshwa mafuta hayo. Kwa hiyo harufu ile ilikaa mikononi mwake, katika kanzu yake ya Idi na kwenye mto aliolalia. Mama alilalamika tangu ndoa ilipofungwa. Alichoma udi, alimsugua kwa ndimu na majivu, alimtishia kumlaza uani, na sifa ikamshinda. Mimi niliipenda. Nikiisikia mlangoni nilijua baba amerudi, na chakula kitapakuliwa.

Msimu ninaotaka kuueleza, harufu hiyo ilizidi, maana baba alikuwa akishughulikia chombo kikubwa kuliko vyote pale ufukweni. Serikali ya Mogadishu ilikuwa imeanguka. Kismayo ilikuwa ikipiganiwa, leo na hawa, kesho na wale. Kila siku mashua zilipita mbele ya kisiwa chetu zikielekea kusini, zimejaa watu, magodoro na mabeseni, na hazikutia nanga. Sisi watoto tulizoea kuzipigia kelele za salamu, na wasafiri hutujibu kwa kelele zaidi. Hao hawakujibu. Walitutazama tu mpaka wakapita, na baada ya siku kadhaa nasi tukaacha kuwapigia kelele. Chombo cha baba kilikuwa cha kutuvusha sote kwenda upande wa Kenya, na baba alikipiga kalafati kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake, akila chakula chake hukohuko chini ya ubavu wa chombo.

Basi katika hali hiyo ndipo Mzee Famau, mzee wa mji wetu, alipochagua kufa. Nasema hivyo kwa hasira, na Mungu anisamehe, maana mtu hachagui. Alikuwa ametuongoza tangu bibi yangu hajazaa. Alikuwa mtu wa Mtaa wa Juu, lakini alijua kuwatuliza Mtaa wa Chini, na sisi wa Nchani alitukumbuka angalau kwenye harusi. Nchani zilikuwa nyumba chache tu mwisho wa kisiwa, watu ambao babu zao walihamia kutoka Darakasi. Tulioana na watu wa mitaa ile miwili, tulizikana nao, na bado tuliitwa wageni. Matanga hayajaisha, mji ukagawanyika. Mtaa wa Juu walimtaka Lali, mpwa wa marehemu, mwenye minazi mingi, aliyesema vita vya Wasomali ni vya Wasomali na sisi tukae tutulie. Mtaa wa Chini walimtaka Athumani, mtu wa kikohozi, ambaye kila akitaka kutoa neno la maana hukohoa kwanza ili watu wanyamaze. Yeye alitaka tuondoke. Hakuna upande uliotosha peke yake.

Kwetu mzee wa mji hapigiwi kura wala haapishwi. Hununuliwa ng'ombe mweusi, na mzee mpya humshika kamba na kumwongoza kuuzunguka mji wote, masheikh wakisoma, watu wa mitaa yote wakifuata nyuma. Watu wa mtaa mmoja wakibaki ndani, mzunguko umevunjika, na bwana yule si mzee wa yeyote. Na mji usipokuwa na mzee, hakuna wa kusoma fatiha ya safari, na bila fatiha hiyo chombo kilichobeba familia hakitoki. Najua utauliza kwa nini tusijipakie tu tukaenda zetu. Hata wanangu huniuliza. Kutoka bila fatiha ya mzee ni kutoka kama mtu aliyefukuzwa, na aliyefukuzwa hana tena kaburi Chula. Watu wazima waliokuwa na akili zao timamu waliliogopa jambo hilo kuliko bunduki, kwa sababu bunduki walikuwa hawajaziona.

Sasa wenye kuamua wakawa Nchani, na Nchani alikuwa bibi yangu, Mwanamisi, mama yake baba. Wanaume ndio walioketi barazani, lakini wanawe hawakufungua kinywa pale bila kupita kwanza jikoni kwake. Loo, bibi yangu siku zile! Alitoa leso aliyoifungia sandukuni tangu ujana wake. Lali alikuja kwa mguu wake mwenyewe, akaketi kwenye kibao cha mbuzi kwa kuwa hatukuwa na kiti, akamwita mama. Athumani naye akamtuma mkewe na halua, halafu akaja mwenyewe, akakohoa. Bibi aliwasikiliza wote, akawapa kahawa, na walipotoka alinikonyeza. Alikuwa ameitwa mgeni tangu alipozaliwa katika kisiwa kile. Sikumlaumu wakati ule na hata leo siwezi kusema kwamba hakustahili kufurahi.

Alianza na Lali. Watu wa Nchani wakasema watakuwa nyuma yake, naye akaketi katika nafasi ya mjomba wake kwa muda, bila ng'ombe, mzee nusu. Kila alilotaka kulifanya ilimbidi atume mtu jikoni kwetu kuuliza. Alitaka vyombo vikubwa vipandishwe juu ya mchanga, bibi akakataa. Alitaka Mtaa wa Chini wanyimwe zamu ya kisima. Bibi akakataa kwa sauti hata majirani wakasikia. Kisha wanawe wakarudi kutoka msikitini wakasema wamesukumwa safu ya nyuma kama zamani, na siku hiyohiyo bibi akamwondoa Lali kwa kutuma ujumbe mfupi tu kwamba kahawa imekwisha. Akahamia kwa Athumani. Athumani naye akakaa akikohoa, akapanga safari, akaahidi, akasahau kuja kusalimia, na kahawa ikaisha kwake pia. Mji mzima ukawa unaongea jambo hilo tu, nani yuko na nani, nani ameonekana akitoka kwa nani. Watu walicheka, wallahi. Na mashua za kusini zikapungua, mpaka siku moja tukatambua hazipiti tena kabisa.

Halafu wakaja watu wa kisiwa cha Kudhaa, mashua moja. Walikuwa wanawake na watoto, na wanaume wawili tu. Mmoja wa wale wanawake aliketi uani kwetu na mama akamletea uji, akalishika tu bakuli mpaka uji ukapoa. Alichosema ni kwamba wenye bunduki walikuja mchana, wala hawakuwa wengi. Baba alisikia hayo akiwa amesimama mlangoni na pamba yake mkononi. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpandishia sauti.

"Mama, mpe yeyote! Mpe Lali, mpe Athumani, mpe hata huyo mbuzi. Chombo kiko tayari. Nasubiri fatiha tu."

Bibi aliendelea kupepeta mchele wake. Alisema, "Nitawapa. Lakini hakuna mchu atakayeishika kamba ile ila wewe." Mchu ndivyo tunavyosema sisi Wabajuni, maana yake mtu. Baba akamwambia hataki kamba. Bibi akamjibu kwamba hakumuuliza anataka nini.

Akawaita wote wawili, akawapa masharti. Athumani awe mzee mwaka huo na atoe fatiha ya safari. Lali amrithi tutakaporudi. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwona mwenzake ameshika kamba, kamba ishikwe na Nchani, na wao watembee kulia na kushoto. Walikubali haraka mno. Kila mmoja alifurahi kwa kuwa mwenziwe hakuipata. Wakatuma mashua bara kununua ng'ombe. Hapo ndipo tulipokosea, nami nimelipima kosa hilo maisha yangu yote. Bara kulikuwa na njaa, watu wanakula majani, na sisi tukaenda na heshima zetu kutafuta ng'ombe mnene, mweusi tititi, asiye na doa. Tulimkataa mmoja kwa sababu ya kwato. Walioona wakaelewa kwamba kisiwani kwetu kuna kitu cha kuchukuliwa.

Asubuhi ya mzunguko mama alimsugua baba kwa ndimu, majivu, mchanga na sabuni ya kuomba kwa jirani. Alimfukiza udi mpaka macho yakamtoka machozi. Bibi alileta joho la marehemu Mzee Famau, aliloliazima kwa mjane, na kilemba chake. Baba alipotoka nje nilimkimbilia nikamnusa mkono, na kwa mara ya kwanza haukunuka kitu ila udi. Mama alipiga kigelegele kwa ushindi huo. Nililia, wakanicheka, wakasema mtoto huyu ana wazimu.

Tulizunguka. Ng'ombe alikuwa mpole. Mitaa yote ilitoka, masheikh walisoma, na bibi alitembea mbele ya wanawake ameinua kidevu, akisalimiwa na watu ambao hawakuwahi kumsalimia wa kwanza. Tulikuwa tumefika upande wa ufukweni, kona ya mwisho, tuliposikia injini. Mashua mbili za kasi zikapanda mchangani karibu kabisa na chombo cha baba. Walipiga risasi hewani, na kisomo kikakatika. Aliyekuwa mbele yao alikuwa kijana mwembamba, anatafuna mirungi, na hakuonekana na hasira yoyote. Aliuliza kwa Kisomali, lugha tunayoijua sote, swali la kawaida kabisa: mkubwa wenu ni nani?

Nilimtazama Athumani. Sote tulimtazama, kisha tukamtazama Lali. Watu hawa walikuwa wameuzungusha mji mzima kwa ajili ya swali hilo. Lali aliangalia miguu yake. Athumani alifungua kinywa, nami nikasubiri kikohozi chake, na hakukohoa. Yule kijana alimtazama ng'ombe, akaifuata kamba kwa macho kutoka shingoni mwa mnyama mpaka mkononi mwa baba, akaona joho na kilemba. Baba alimwambia kwa upole kwamba yeye ni kalafati. Akanyoosha mikono yake aoneshe, mikono iliyosuguliwa ikatakata, inayonukia udi. Vijana wale walicheka sana. Walitaka mkubwa wa kuwaonesha dhahabu ilipofichwa, na walipoambiwa hakuna, walisema atakumbuka njiani. Wakampakia yeye, wakapakia mapipa ya mafuta ya mashine yaliyokuwa ufukweni. Ng'ombe walimpiga risasi palepale, wakachukua mapaja tu. Mama alipiga ukelele mmoja. Kamba ilibaki mchangani.

Alasiri hiyohiyo tulijipakia sote katika chombo cha baba, mitaa yote na Nchani, tukatoka kwa tanga, bila fatiha ya mtu. Hakuna aliyeiulizia. Chombo hakikuvuja hata tone, na kilinuka sifa mbichi kiasi kwamba wengine walitapika, lakini mama alilaza shavu kwenye mbao na hakuliondoa mpaka tulipoiona Kiunga, upande wa Kenya. Bibi alikataa kupanda. Alikaa pale mchangani na ile kamba mapajani, akasema yeye ndiye aliyemfunga mwanawe na atamsubiri amfungue. Mama, ambaye alikuwa na kila haki ya kumtukana, alimwachia mtungi wa maji na mchele wote tuliokuwa nao. Hatukupata habari ya baba wala ya bibi tena, Mombasa kambini wala baadaye. Athumani aliishi kambini miaka mingi na watu walimwita Mzee. Alikohoa mpaka alipokufa.

Leo niko Kanada, ambako theluji inafika dirishani, na hata huku nimekuta mambo ya Chula. Kiongozi wa chama kinachotawala alijiuzulu, wenzake wakang'ang'ania nafasi, aliyeipata akawa waziri mkuu wa serikali isiyo na wingi bungeni. Inasimama kwa sababu chama kidogo kinaishikilia, na kikinuna itaanguka. Wenzangu kazini wanasema siasa za huku zinachosha, wanabadilisha televisheni waangalie mpira wa barafu. Mimi sichoki. Kiongozi wa kile chama kidogo akitokea mbele ya waandishi akitabasamu, amepata alichokitaka, namwona bibi yangu na leso yake ya sandukuni, nami nainuka kuhakikisha mlango umefungwa. Najua hawatakuja watu na mashua. Serikali ikianguka huku watu hupiga kura kisha hurudi nyumbani kula. Najua hayo yote.

Juzi mwanangu alikuja na furaha. Anaitwa Shee, jina la babu yake. Yuko katika chama hichohicho kidogo, na wamemteua agombee ubunge mtaani kwetu. "Mama, bila sisi hawawezi kitu," akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, kisha akapiga magoti pale zuliani akaomba nimsomee fatiha kabla hajaanza. Nilimsomea mpaka mwisho, nikampulizia usoni. Halafu nikamuuliza kama ni lazima lile bango lenye jina na picha yake lisimamishwe mbele ya nyumba yetu.