Kwa Mkonge, Bulla Pesa

Wakonyo alifika Isiolo mwaka wa 1974 akimfuata mumewe Githae, fundi wa pampu za maji aliyehamishiwa huko na serikali. Kabla ya hapo alifanya kazi katika baa ya hoteli moja kubwa Nairobi. Aliajiriwa aoshe glasi, lakini mchanganyaji wa vinywaji alikuwa mtu wa kuchelewa, na wateja hawakupenda kungoja, basi Wakonyo akajikuta nyuma ya kaunta akikamua ndimu. Alichopenda kuliko vyote ni tekila, pombe kali ya Meksiko inayotokana na mmea wa jamii ya mkonge. Si kwamba aliinywa sana. Alipenda kumwona mtu aliyekuja amekunja uso akilamba chumvi ya ukingoni mwa glasi, akipiga funda moja, halafu akianza kuongea na jirani yake.

Ndiyo maana alipofungua baa yake katika mtaa wa Bulla Pesa, chumba kimoja chenye meza chache, hakutaka iwe ya bia tu kama zile nyingine. Chupa zilikuja na lori la mizigo zikiwa zimeviringishwa blanketi, na barafu ilitoka kwenye friji ya mafuta ya taa. Watu walicheka. Ephantus, karani wa ofisi ya mifugo, alisema kwao mkonge ni wa kusokota kamba, akauliza kama wiki ijayo watauziwa supu ya magunia. Lakini alionja, na kesho yake akarudi na wenzake wawili. Muda si muda, hakuna aliyekumbuka jina lililoandikwa mlangoni. Watu walisema tu, twende kwa Mkonge.

Aliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa Abiba, mjane wa Kiborana aliyeuza maziwa na chai. Abiba hakufurahia kuwekewa baa ubavuni. Hakugombana, alisalimu na kupita, na Wakonyo aliona afadhali angetukanwa. Mchana mmoja wa jua kali, Abiba aliketi kwenye kivuli cha ukuta, hoi kwa kubeba maji. Wakonyo alimwomba alete kikombe cha nyumbani kwake, kisichowahi kutiwa pombe, akamchanganyia mbele ya macho yake ukwaju, ndimu, asali na barafu, na kwa mazoea akapaka chumvi ukingoni. Abiba alinywa mpaka mwisho, kisha akauliza kama kimebaki kingine. Kuanzia hapo wakawa watu wa kutembeleana.

Mwaka wa 1979 Abiba alimwoza bintiye Tiya. Asubuhi ya harusi, lori lililokuwa likileta soda liliharibika njiani, na wageni kutoka Garbatulla walikuwa wamekwisha kuanza kuingia. Abiba akaja mbio uani kwa Wakonyo, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Wakiuru, kile kinywaji chako, unaweza kuwafanyia watu wote hawa?"

Wakonyo alisita. Alijua maneno yatakayosemwa, mama wa baa kuhudumu kwenye harusi ya Waislamu. "Nitakuja kwako," alisema. "Sufuria zako, vikombe vyako. Kwangu hakitatoka kitu ila barafu, na utaitoa kwa mkono wako."

Alifunga baa. Ephantus na wenzake walipokuja wakakuta kufuli, aliwaita, akawanawisha mikono kwa sabuni na kuwakalisha mbele ya gunia la ndimu. Walikamua mpaka vidole vikakunjamana, bila hata mmoja kuonja tone la pombe.

Vikombe vilipoanza kuzunguka, Mzee Halkano, kaka mkubwa wa Abiba, alinong'onezwa jambo. Akaweka kikombe chake chini bila kukigusa na kuagiza mchanganyaji aitwe.

"Wewe ndiye mama wa ile baa?"

"Ndimi, mzee."

"Na hii umeitengenezea huko?"

"Hapana. Nimeitengenezea jikoni kwa dada yako, na yeye amesimama kando yangu tangu asubuhi. Hakuna nilichotia asichokiona."

Halkano alimtazama dada yake, naye Abiba akaitikia kwa kichwa. Mzee akachukua kikombe, akalamba ukingo, akanywa taratibu.

"Chumvi," alisema. "Ng'ombe wangu wangekupenda sana."

Watu wakaangua kicheko, na mzee akanyoosha mkono aongezwe.

Baada ya hapo hapakuwa na harusi Bulla Pesa wala mtaa wa Kiwanjani ambayo Wakonyo hakuitiwa. Tekila ilibaki ya baa. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Abiba alimwalika kwenye futari, na Wakonyo akaamua kwamba siku hiyo na yeye atafunga. Alishindwa adhuhuri, akala viazi viwili amesimama jikoni. Jioni alimweleza Abiba ukweli wote. Abiba alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampakulia sambusa ya kwanza.