Daftari Letu na Maji ya Klorini

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa na tabia ya kusoma barua za serikali kama anayesoma Injili: polepole, mkono mmoja juu, na mwishoni ananyamaza kidogo kana kwamba anangoja tuseme amina. Asubuhi ile, baada ya miezi ya kukaa nyumbani kwa sababu ya korona, alitutangazia sisi wa darasa la sita la sekondari kwamba tunarudi shuleni kabla ya wengine wote, maana mtihani wa taifa ulikuwa unatungoja. Tulipiga makofi. Kisha akageuza karatasi, akasema tunarudi nusu nusu, na makofi yakafa hapo hapo.

Nusu nusu ilikuwa hivi. Darasa liligawanywa vikundi viwili. Cha kwanza kilisoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, cha pili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku ambayo si yako unabaki nyumbani na kufuata masomo kwa redio. Na ili somo lolote lisipotee, mwalimu wa hesabu alibuni jambo lake mwenyewe, ambalo hadi leo sijui kama nimshukuru au nimlaani. Kila mmoja wa kikundi cha kwanza aliunganishwa na mmoja wa kikundi cha pili, na wawili hao wakapewa daftari moja tu. Aliyekuwa shuleni anaandika, jioni analipeleka kwa mwenzake, kesho yake mwenzake anaendelea pale pale.

"Ukijua mutu mwengine atasoma mu ile kaye, utaandika muzuri," alituambia. Kaye ndiyo daftari kwetu Butembo.

Mimi niliangukia kikundi cha pili. Mwenzangu alikuwa msichana aliyetoka Beni. Familia yake ilikuwa imekimbia vita kijijini, mama yake na wadogo zake wakawa wanalala katika chumba cha kanisa kule Beni, na yeye akatumwa kwa baba yake mdogo, mtaa mmoja chini ya kwetu, kwa kazi moja tu: apate diploma ya kumaliza sekondari. Akiipata, angefundisha shule ya msingi, apange nyumba, awatoe mama na wadogo mle kanisani. Aliniambia hayo siku ya kwanza, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Baba yake mdogo naye alikuwa amekwisha sema kwamba atamlisha hadi mtihani, baada ya hapo kila mtu na shauri lake.

Aliandika vizuri mno. Mstari wake ulinyooka hata pale karatasi isipokuwa na mistari. Mwandiko wangu ulikuwa wa kuku anayechakura, na mara mbili tatu nilikuta amenisahihisha kwa kalamu nyekundu. Niliudhika sana. Nilijiuliza nani amempa ualimu kabla ya wakati.

Mwalimu alitusihi tuwe tunanakili kila kitu pembeni. Wiki ya kwanza nilinakili. Ya pili nikachoka, naye akachoka. Umeme hatukuwa nao, daftari lilitakiwa asubuhi, na simu ya nyumbani kwetu ilikuwa ya kubonyeza, haikujua kupiga picha. Tukaacha kila kitu ndani ya daftari lile moja.

Kuhusu redio, naomba isemwe tu kwamba nilijaribu. Nilikaa mbele yake na kalamu mkononi, na mwalimu wa redio akasema, "Kama mnavyoona ubaoni." Ubao gani, jamani? Alichora pembetatu kwa mdomo, akaipa herufi, akaikata katikati, akaigeuza, akatuuliza kama tumeelewa, akajijibu kwamba tumeelewa. Halafu zikaingia habari za misiba, nani amefariki na matanga yako wapi, na hapo mama akatoka jikoni kuja kusikiliza, maana kukosa kusikia msiba wa jirani ni aibu asiyoweza kuivumilia. Somo liliporudi, pembetatu ilikuwa imekwisha kuwa duara.

Sasa nimtaje mama vizuri, kwa sababu jambo lote lilipitia mikononi mwake. Aliuza vitunguu na kabichi zilizoteremka kutoka Alimbongo, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Miaka ya Ebola alikuwa miongoni mwa watu wagumu kabisa wa mtaa. Walipotuletea ndoo yenye bomba ili tunawe kwa maji ya klorini, aliipokea, akawashukuru, wakaondoka, akaitia unga wa muhogo. Alisema Ebola ni biashara ya watu. Kisha mdogo wake, mama yangu mdogo, akafa nayo kwa siku chache, na hatukuruhusiwa hata kumgusa. Unga ukamwagwa. Tangu siku ile ndoo haikukosa klorini, na korona ilipofika Butembo, mama hakuhitaji kufundishwa na mtu. Mji mzima ulikuwa na diploma ya kunawa mikono. Ile niliyoitaka mimi ilikuwa nyingine.

Mlangoni kwetu mama aliweka kigoda. Kitu chochote kilichotoka nje kiliwekwa juu ya kigoda hicho, na hakikuingia ndani kabla hajakipangusa kwa kitambaa chenye klorini: viatu, sabuni, noti za sokoni, hata mananasi. Nyumba ilinuka kama hospitali. Mimi daftari nililipitisha kwa siri, chini ya blauzi, kila jioni. Nilikuwa wa mchepuo wa biokemia. Nilijua vizuri sana klorini inafanya nini kwa rangi. Ningeweza kumweleza mama kwa maneno mawili, lakini nilichoka kubishana naye, nikaona kuficha ni rahisi zaidi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani ilikuwa siku yangu shuleni. Mwalimu wa hesabu alirudia yale yote aliyoona hayakosi kuulizwa, nikajaza kurasa, naye akapitia daftari letu na kutia alama nyekundu kwenye mambo ya kukazania. Tulikuwa tumepatana na mwenzangu kwamba Jumapili atakaa nalo asubuhi na mimi jioni. Nilipanda kilima mbio, maana redio ilikuwa imeahidi marudio makubwa ya mwisho saa saba. Nilifika nikisikia muziki wa kufungulia kipindi. Mikono ilikuwa imejaa matope, barakoa ya kitenge imenibana pumzi. Nikaliweka daftari juu ya kigoda ili ninawe, nikanawa, nikakimbilia redio.

Kipindi kilikuwa kile kile cha pembetatu. Walirudia kipindi cha zamani. Nilikaa pale na hasira, nikaomba Mungu mwalimu yule apate kikohozi, na daftari nikalisahau.

Nilipotoka, lilikuwa kwenye kamba ya nguo, limefunguliwa katikati, limebanwa na vibanio viwili, linadondosha maji. Mama alikuwa amerudi kutoka sokoni, akaliona kwenye kigoda, na kwa sababu virusi vinaweza kujificha kati ya karatasi, alipangusa ukurasa baada ya ukurasa. Hakuruka hata mmoja. Bluu ilibaki kivuli cha njano. Nyekundu ya mwalimu haikubaki kabisa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesafisha. Uliacha pa kigoda, hapana?"

"Maandishi iko wapi?"

"Angalia vile iko safi," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Ile buchafu yote imetoka."

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia ameniua, ameua miaka sita, kwamba mtu asiyejua kusoma asiguse vitu vya wanaosoma. Nililisema hilo la mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Mama aliangalia kitambaa mkononi mwake, kimekuwa na rangi ya bluu, akaelewa. Aliketi juu ya kigoda chenyewe. Mimi nilimpita na kuingia ndani, na siku nzima sikumsemesha.

Jumapili baada ya ibada nilishuka kwa mwenzangu. Alikuja hadi kwenye ua wa miti, yeye ndani na mimi barabarani, kama tulivyozoea. Nilimnyooshea lile daftari lililokauka na kukakamaa.

"Donc yote imeisha?"

"Mama yangu njo aliosha."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Ku redio."

Aligeuza kurasa mpaka mwisho, taratibu. Nilitegemea atalia, au anitukane, na kusema kweli ningependa anitukane. Akalifunga.

"Iko na bic? Siku zangu ziko mu kichwa. Andika."

Nikatoa kalamu, akanitajia. Amesimama, mkono juu ya ua, macho yamefumbwa, alitaja kila kitu alichoandika siku zake tangu turudi, Jumatatu baada ya Jumatatu, pamoja na mifano, pamoja na mahali mwalimu alipokosea na kufuta. Niliandika kwenye kurasa zile zile zilizofutika, nimekalia jiwe, mpaka kidole kikaota lengelenge. Saa zikapita. Alipofika Ijumaa ya mwisho, mvua ilikuwa imeanza, na baba yake mdogo alikuwa amekwisha kumwita mara mbili.

Sasa ilikuwa zamu yangu kumtajia siku zangu. Mimi sikuwa na kichwa kama chake, lakini nilikuwa nimeyaandika, mengi nilikuwa ninayakumbuka, hasa ya Jumamosi.

"Nitakuandikia nusu yangu," nilimwambia. "Hesabu iko siku ya pili. Kesho magaribi nitakuletea."

"Wasingya," alisema, asante ya Kinande, akakimbia ndani.

Jumatatu tulifanya sehemu ya kwanza ya mtihani, kila mtu kwenye benchi lake, barakoa usoni, hewa nzito. Nilirudi nyumbani, na kurasa za siku zake nilikuwa nazo, safi, zimepangwa. Niliketi ili niandike zangu. Niliandika kichwa cha habari na mifano miwili. Kisha niliona kwamba saa moja ya kumwandikia ni saa moja isiyo ya kujisomea, na kwamba kuna jambo katika kurasa zake sijalielewa bado. Nikajiambia yeye ana akili, atajimudu. Nikajiambia mvua itanyesha. Haikunyesha. Nilisoma nusu yake mpaka mafuta ya taa yakaisha, nikalala.

Asubuhi, kwenye foleni ya kupimwa joto la paji la uso, aliniangalia mikono. Niliinua mabega, kama kusema mambo yaliniwia magumu. Akageuka mbele.

Matokeo yalikuja kwa simu baada ya wiki nyingi za kungoja. Mimi nilipita. Mama alinimwagia kopo zima la poda kichwani, kama inavyofanywa kwa kila aliyepata diploma, mpaka nikapiga chafya, na wanawake wa sokoni wakacheza uani. Hapo mama akaacha kucheza.

"Na mwenzako?"

"Amekosa."

Simu husema tu umepita au hukupita. Haisemi ulikwama wapi. Lakini mama hakuhitaji kuelezwa. Aliweka kopo chini. Tangu ile Jumamosi hakuwa amelitaja daftari, wala mimi sikuwa nimemwomba radhi kwa lile neno la asiyejua kusoma. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akajaza kapu viazi na kabichi, akanunua dukani daftari jipya, akaniambia anakwenda kuomba msamaha, kwa sababu ni yeye aliyemuua mtoto wa watu kwa klorini yake.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kweli. Alisimama mlangoni akifunga kilemba, kulikuwa na muda wa kutosha. Nilimwacha aende. Nilimtazama akiteremka kilima na kapu kichwani, mwanamke aliyekwisha kuzika ndugu yake bila kumgusa, anakwenda kubeba na kosa langu.

Wanaonisikiliza sasa hapa Beni, ninakofundisha, katika sehemu ya mji iitwayo komini ya Ruwenzori, huwa ninawasimulia ile ya klorini na wanacheka sana. Huwa ninakomea kwenye kamba ya nguo.

Mama alirudi kapu likiwa tupu. Aliketi juu ya kigoda, akavua viatu, akavisahau bila kuvipangusa.

"Ule mutoto iko na roho muzuri," alisema. "Nimemuomba pardon, anasema, 'Hapana, mama, haiko chlore njo iliniangusha.' Anasema atarudia mutihani mwaka inakuya. Kaye amepokea. Mais anasema nikuambie, kurasa za kwanza za ile kaye mupya amekuachia weye uandike. Bado anangoja nusu yako."

Nilikuwa bado na poda kichwani.

"Nusu gani iyo?" mama akauliza.