Sauti Yangu Juu ya Wimbo Wake

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ya kweli ilikuwa kusikia wimbo kabla ya watu wengine. Kazi za mikono nilikuwa nazo, nyingi na fupi: kupakia vitunguu mpakani, kugeuza kahawa juani, kubeba mifuko ya saruji. Zote niliziacha kwa urahisi, kama nilivyoacha shule nikiwa kidato cha pili. Lakini mtu akiniambia kwamba Muhokya kuna vijana wametengeneza filamu kwa kamera ya simu, nilifika Muhokya siku hiyo hiyo. Filamu hiyo naikumbuka. Dakika kumi na mbili tu: mzee anauza mayai ya kuchemsha katika stesheni ya Kasese, ambako treni haiji tena, na kila siku anabakiza yai moja kwa ajili ya abiria atakayechelewa. Niliitazama mara nne nikiwa nimesimama katika mlango wa saluni, kisha nikawatafuta waliotengeneza nikawauliza maswali mpaka wakadhani mimi ni mtu wa kodi.

Wanamuziki waliokwisha kupigwa redioni hawakunivutia. Niliwataka wale ambao bado wanaomba gitaa la kuazima, ambao hawajajua waweke wapi mikono wakisimama mbele ya watu. Nikimpata mmoja, nilimtembeza kama mtu anavyotembeza habari njema. Nilisema "wimbo wetu." Sikuwa nimeandika hata neno moja.

Yule binti nilimsikia kwanza katika tamasha dogo ambalo vijana wa Kasese walilifanya kwenye uwanja wa mpira. Aliwekwa karibu na mwisho, saa ambayo watu wameanza kufuata harufu ya nyama choma. Alikuwa mzaliwa wa Bulembia, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Wazazi wake walitoka upande wa Kenya zamani kufuata kazi, baba akafa, mama akabaki. Aliimba kwa Kiswahili, akiwa na gitaa la nyuzi nne zilizobaki kati ya sita. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekusimulia jambo huku anafua nguo, ghafla ananyamaza, anakutazama, anaendelea. Waliobaki uwanjani tulikuwa labda ishirini. Aliposhuka nilimfuata.

"Dada, huo wimbo umerekodi?"

"Nirekodi na nini, na hii tochi?" Akanionyesha simu yake, ile ya vitufe isiyoweza kubeba wimbo hata mmoja.

Nilimjua fundi mmoja wa muziki aliyekuwa na chumba karibu na mto, hapo hapo Bulembia, kuta zimebandikwa trei za mayai. Baada ya wiki mbili tulikuwa ndani. Nilikaa sakafuni. Wimbo ulikuwa juu ya mama anayesubiri nyumbani wakati mgodi unapiga king'ora. Katikati ya ubeti wa pili sauti yake ilipanda, na akaacha Kiswahili. Aliimba mstari mmoja katika lugha nisiyoijua, kisha akarudi kwenye Kiswahili kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi akavua vifaa vya masikioni. "Hapo umesema nini?"

"Nimesema na mama."

"Tuambie na sisi."

"Wewe ndiye mama yangu, na hizo ndevu?"

Tukacheka. Njiani alinieleza kidogo. Watoto wa zile nyumba walikua wote wakizungumza Kiswahili, kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake. Mama yake alizoea kumtania mbele ya wageni kwamba amezaa mtoto wa mgodi, hana lugha. Utani wa kucheka, alisema, lakini mama akishacheka hunyamaza. Sasa alikuwa amejifunza sentensi moja, nzima, bila kosa. Hakuniambia nani amemfundisha. Mama angeisikia kwa mara ya kwanza ndani ya wimbo, kwenye tamasha lijalo, amekaa mbele kwenye kiti.

Fundi alinitumia wimbo kwenye simu yangu, nami nikashuka nao Bwera, mpakani na Kongo.

Siku hizo nilikuwa nafanya kazi katika kibanda kimoja karibu na mlango wa soko la Bwera, cha kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye simu. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa upande wa Kongo, mnene, mpole, asiyemwamini mtu. Vibanda vilikuwa vingi, na kila kimoja kiliiba nyimbo za mwenzake. Kwa hiyo kila wimbo mpya ulipigwa muhuri. Muhuri ni sauti ya mtu anayetangaza kibanda juu ya muziki, ili wimbo ukienda kwa jirani uende na jina letu. Sauti ya kibanda chetu ilikuwa yangu. Mwenye kibanda alinichagua kwa sababu Kiswahili changu kilieleweka pande zote mbili za mpaka. Nilikuwa napaza: "Bwera moto! Nyimbo mpya, mlango wa soko, usidanganywe!" Nilipenda kuisikia. Nilikuwa nikipita njiani, simu ya mtu inalia ndani ya duka, nami nipo humo.

Nilimpigia mwenye kibanda wimbo wa yule binti. Akausikiliza macho kafumba.

"Weye iko na masikio," akasema. "Onyesha. Iko mutamu wapi?"

Swali hilo aliniuliza kwa kila wimbo. Ndiyo kazi aliyoniajiria hasa. Muhuri ukiwekwa mwanzoni, majirani wanaukata. Ukiwekwa mwishoni, wanaukata. "Tia pale mutu analia," alikuwa akisema, "pale bakikata banaharibu." Mahali patamu kuliko pote ndipo muhuri ulipokaa salama. Na baada ya kupigwa, nakala safi ilifutwa kwenye kompyuta papo hapo, asije mfanyakazi akaiuza kwa jirani.

Sikufikiri. Niliweka kidole kwenye ubeti wa pili, pale sauti ilipopanda. Nilijivuna hata, kwa kuwa nilipajua haraka.

Simu yangu bado ilikuwa na nakala. Siku tatu baadaye wale vijana wa Muhokya waliniletea filamu yao mpya, ndefu zaidi, na simu ikakataa kuipokea, imejaa. Nikafuta vya zamani. Vya zamani kwangu vilikuwa vya wiki iliyopita.

Wimbo ulitembea. Ulipanda na malori mpaka Kasese, ukapita mpaka ukaingia Kongo. Waendesha boda boda wa Bwera walikuwa wakiniona wanapiga kelele, "Usidanganywe!" Nilipopanda Bulembia kumpa binti habari hizo, nilimkuta anachota maji kwenye bomba la nyumba zao. Alikwisha kuusikia.

"Umekanyaga pale pale," aliniambia.

"Pale ndipo pazuri."

"Najua ni pazuri. Mimi ndiye niliyepatengeneza." Hakuwa amekasirika, au alikuwa amekwisha kumaliza hasira kabla sijafika. Akajitwisha ndoo. "Niletee ile safi. Mama bado hajasikia, hana habari na simu za watu. Niletee kabla hajasikia hiyo yako."

Nikamwambia nitaleta. Nilijua fundi anayo. Nikarudi Bwera, na huko kulikuwa na mwimbaji mwingine, kijana kutoka ng'ambo aliyeimba na ngoma ya plastiki, nami nikamfuata huyo kwa mwezi mzima.

Mvua za msimu huo mto ulishuka kutoka mlimani na mawe. Fundi alitoka na watoto wake na godoro moja; chumba cha trei za mayai kilibaki kuta mbili, na kompyuta hatukuiona tena. Nilimsaidia kutafuta kwenye matope. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu nakala kichwani, na sikupata hata moja. Sikwenda kwa binti kumwambia. Nilijiambia kwamba ana simu gani, atauweka wapi.

Mwezi uliofuata binti aliugua siku nne, akafa hospitalini, tamasha bado halijafika. Nilisikia nikiwa Bwera, tayari amezikwa.

Mama yake alinitafuta yeye mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya maombi ya kutimiza mwaka, na alisafiri kutoka Bulembia mpaka Bwera akiwa amevaa nguo ya kanisani. Alisimama mbele ya kibanda, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye kijana wa nyimbo?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Nyimbo ya mtoto wangu iko wapi? Nasikia boda boda wote iko nayo. Mimi mama yake sina."

Nilimwomba anipe wiki moja. Wiki hiyo nilizunguka kuliko nilivyowahi kuzungukia wimbo mpya wowote. Nilikwenda kwa fundi, aliyekuwa sasa anachoma chapati karibu na stendi ya Kasese. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Nilivuka kwenye vibanda vya ng'ambo. Niliomba simu za watu nisiowajua, nikasikiliza, nikazirudisha. Kila nilipofika ubeti wa pili nilijikuta mwenyewe, nimechangamka, natangaza soko. Niliuliza pia katika zile nyumba nani alimfundisha binti lugha ya mama yake. Wengine walimtaja mlinzi mzee aliyekwisha kurudi kwao Kenya. Nambari yake haikupatikana.

Basi nilipanda Bulembia na nakala yenye muhuri, kwenye simu yangu. Mama alinipa kiti, akakaa kitandani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ubeti wa kwanza alitabasamu. Kisha ikaja ile kelele, na akainua uso kama mtu aliyegongewa mlango.

"Huyo ni nani?"

Nilikuwa nimefika pale bila kuamua nitajibu nini. Ningeweza kusema ni mtu wa kibanda, na ingekuwa kweli.

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Wewe unaongea polepole hivi."

"Ni mimi. Na chini ya sauti yangu kuna maneno. Alisema kwa lugha yako. Sentensi moja nzima, alijifunza ili uisikie. Nilikuwepo akiimba, lakini sikuelewa, na sikuishika. Nakala safi niliifuta mimi."

Aliitazama simu. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Kwa lugha yangu," akasema. "Yule?"

"Ndiyo, mama."

"Rudia."

Nikaurudisha wimbo. Akaweka simu sikioni, akaibana kwa kiganja, kama vile maneno yangeweza kutoka yakibanwa. Alirudia mara nyingi, mimi nimekaa, nikijisikia napaza sauti mara nyingi hivyo hivyo. Mwishowe akanirudishia.

"Unapiga kelele vizuri," akasema. "Shetani wewe."

Kwaya ya vijana ya kanisa lao ilikuwa imepanga kuuimba wimbo siku ya maombi. Walikuwa wameujifunza kwenye simu zao. Mama aliniagiza niende mazoezini, sijui kama adhabu au la. Walipofika kwenye ubeti wa pili hawakuwa na maneno, na mmoja wa vijana akapaza, "Bwera moto!" Wakacheka wote, kisha wakaona mama amesimama mlangoni.

Mwalimu wa kwaya akaona aibu. "Tutaruka hapo, mama. Tutaunganisha."

"Msiruke," mama akasema. "Nyamazeni hapo. Nyamazeni mpaka amalize kusema."

Jumamosi ya maombi kanisa lilijaa. Mimi nilisimama nyuma mlangoni, karibu na baiskeli zilizoegeshwa. Walipofika mahali pale mwalimu alifunga ngumi, kwaya ikanyamaza, na gitaa likanyamaza pia. Nilijua urefu wa mstari ule kwa sekunde. Nilikuwa nimeujaza mwenyewe. Lakini katika kibanda haukuwahi kuwa mrefu hivyo. Mtu alikohoa. Mzee mmoja aligeuka kuangalia kama umeme umekatika. Mwimbaji mmoja alianza mapema, akajishika mdomo. Mama alikuwa mbele, kwenye kiti, shingo imenyooka. Kisha mwalimu akafungua ngumi, na wakaendelea.

Baadaye, watu wakinywa chai uani, mama alinijia na kikombe changu.

"Ndio urefu wake huo? Hawakuongeza?"

"Hawakuongeza, mama. Ndio huo."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

"Basi hakunisalimia tu," akasema. "Salamu yetu ni fupi."