Oili Iliyojaa Yenyewe

Pale gatini kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, na hakuna aliyejiuliza ni shangazi wa nani. Alikuwa fundi wa injini za boti. Ukimkuta kazini ungeapa kwamba amelala: kajikunja ndani ya kishimo cha injini, shavu limeegemea chuma, macho kayafumba. Wapita njia walimtania kuwa analipwa kwa kusinzia. Alikuwa anasikiliza. Au tuseme kweli, nusu alikuwa anasikiliza na nusu anaota, na mpaka kati ya nusu hizo hata mwenyewe hakuujua. Majibu mengi aliyapata kwenye ile nusu ya ndoto, ingawa wateja hakuwaambia.

Kaka yake mkubwa, mshona nguo aliyeacha cherehani macho yalipochoka, aliishi ndani ya boti ya matanga iliyofungwa mwisho kabisa wa gati. Aliinunua na mkewe wakiwa bado vijana, wakagawana kazi. Mume alishika matanga, maana kitambaa na uzi alivijua. Injini ilikuwa ya wifi, na mtu mwingine asiiguse. Kila Jumamosi asubuhi wifi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakichungulia kwenye mwanga. Kisha aliongeza tone la oili kwa faneli ya buluu iliyomeguka mdomo, huku akiisema injini kama anayemlisha mtoto mbishi. Alipofariki, faneli ilibaki ikining'inia kwenye msumari wake, na kaka akabaki akichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea.

Sasa geji ya presha ya oili ilikuwa imeanza visa. Injini ikiwa baridi, mshale ulisimama vizuri tu. Ikishapata moto, mshale ulianza kulala, na boti ikipunguza mwendo kuingia gatini ulikuwa karibu kugusa sifuri. Binti wa kaka, ambaye tangu msiba hakupenda baba yake akae majini peke yake, alipopata habari hiyo alikata shauri. Alishatandika kitanda katika chumba cha nyuma nyumbani kwake, chumba kisafi chenye dirisha linalotazama ukuta. Akamwambia shangazi yake waziwazi: injini ikiwa nzima, baba atabaki, ikiwa imekwisha, boti itauzwa na baba atahamia kwake. Hakuwa mtoto mbaya. Aliogopa tu kwamba ipo siku atapigiwa simu.

Basi Shangazi akabeba mfuko wake wa spana akaenda. Kaka alimkaribisha chai, akazungukazunguka kwa maneno kwa muda mrefu, akasifu hali ya hewa, akalaumu bei ya kamba, mwisho akatoa lililokuwa moyoni.

"Mdogo wangu, wewe sema tu geji ndiyo mbovu. Ukisema wewe, mtoto atakubali."

"Nitasema nitakachokikuta, kaka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kifundi, lakini moyoni alikuwa anaomba kama mtoto. Kaka huyu ndiye aliyemshonea sare zote za shule, akimwachia upindo mpana ili nguo ikue naye. Kumwona kaka akitazama ukuta kutwa nzima asingeweza. Na geji huharibika kweli, si hadithi. Wapo mafundi wa papara ambao mshale ukilala tu, wao hao na spana, wanaifumua injini nzima. Shangazi desturi yake ilikuwa kumhoji kwanza mleta habari, yaani geji. Aliusafisha waya wa geji, akakikaza kichwa cha waya, akawasha injini akangoja. Mshale ukalala. Akafungua kile kidude kinachopeleka habari kwenye geji, akafunga mahali pake geji yake mwenyewe, ya kizamani, ambayo oili yenyewe hupanda ndani ya mrija kuja kuusukuma mshale. Hiyo haina waya, haina cha kusingizia.

Injini ikanguruma taratibu. Mwanga wa maji uliingia dirishani ukawa unatembea darini, unakunjuka na kukunjamana, na juu kule kamba iliugonga mlingoti, ikanyamaza, ikaugonga tena. Shangazi akaweka shavu kwenye chuma. Alisikiliza kama kuna mgongano wowote kule chini, ule wa beringi zilizolika, hakuusikia. Sauti ya chuma ilikuwa laini, kama kinajisemea kitu chake. Joto likampanda usoni, macho yakamzidi nguvu, na pale kwenye ngazi akamwona wifi amekaa, faneli mapajani, kitambaa cha kufutia begani, amekunja uso vilevile kama zamani. Wifi akamuuliza anasikiliza nini muda wote huo, pua yake amemwazima nani.

Alipofumbua macho, ngazi ilikuwa tupu na mshale wa geji yake umelala. Geji ya kaka haikuwa imedanganya. 

Akazima injini, akamuuliza kaka mara ya mwisho kuongeza oili ilikuwa lini. Kaka akatazama miguu yake. Akasema haijahitaji. Shangazi akashangaa, injini ya umri ule isile oili hata kidogo? Kaka akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyeshikwa na barua ya mapenzi.

"Siongezi mimi. Inajaa yenyewe," akasema. "Nikichomoa kijiti Jumamosi, nakuta imepanda. Jumamosi nyingine imepanda tena. Sikumwambia mtu, mngesema nimechanganyikiwa. Nikajua ni yeye."

Mtu yeyote mwenye boti angekimbilia kwa fundi siku hiyo hiyo. Kaka alikifuta kijiti, akakirudisha kwa adabu, akaenda kuchemsha chai ya wawili.

Shangazi akakichomoa. Oili ilikuwa imeupita mstari wa juu mbali, tena ilichuruzika kama maji. Akanusa. Ilinuka dizeli. Hapo akajua kila kitu: ndani ya pampu ya dizeli kuna kiwambo cha mpira, nacho kimechanika, dizeli inavuja kidogo kidogo kuingia kwenye oili. Oili inaongezeka na huku inakuwa nyepesi, na oili nyepesi ikipata moto haina presha. Injini ingeendelea hivyo muda kidogo tu, beringi zingekwisha kweli.

Furaha ilimjaa ghafla, maana pampu hubadilishwa, na boti ingebaki. Halafu furaha ikamkauka. Angeweza kukaa kimya, abadilishe pampu, amwage oili, aseme ilikuwa geji. Hakuwahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini leo mkono ulitamani. Ila Jumamosi ingefika. Kaka angechomoa kijiti na kukuta oili haijapanda, na wiki inayofuata haijapanda, angeona mkewe amemchoka. Hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Akampa kijiti mkononi, akamwambia anuse. Akamweleza habari ya kiwambo, polepole, bila kupunguza neno. Kaka alinusa muda mrefu.

"Kumbe dizeli," akasema. Kisha: "Kwa hiyo hajawahi kuja."

"Hajawahi, kaka."

Kaka akalia. Alilia waziwazi, kijiti mkononi, oili ikimdondokea magotini, na Shangazi akakaa kando yake akalia naye, maana yeye pia alikuwa amempoteza wifi na hakuna aliyemuuliza.

Pampu mpya ikafungwa, oili mbovu ikatolewa, chujio likabadilishwa. Wakati wa kutia oili mpya, kaka aliitungua faneli mwenyewe. Binti yake alikuja akakaa mbele ya geji injini ikiwa ya moto, akautazama mshale uliosimama kama mama anayesoma kipimajoto cha mwanawe. Akaaga bila kukitaja kile chumba, ingawa kitanda hakukitandua.

Jumamosi iliyofuata na nyingine, Shangazi hakwenda. Aliogopa. Alipojikaza akaenda, alisimama gatini akasikia sauti ndani, mtu anaisema injini: kula basi, usinitie aibu, mtoto gani wewe. Maneno ni ya wifi, sauti ni ya kaka. Kichwa kikatokeza mlangoni, vidole vyeusi.

"Imepungua kidogo," kaka akasema. "Nimeongeza mimi. Njoo utazame, yeye angesema nimemwaga."

Shangazi akashuka kutazama. Alikuwa amemwaga kweli, hadi kwenye viatu.