Mwenyeji Huonja Kwanza

Mama Korto Flomo ameshika ufunguo wa pampu ya mkono ya mtaa wetu miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akicheka kabla ya saa nne asubuhi. Ukija na ndoo chafu, anakurudisha. Mchungaji alirudishwa. Mimi nimerudishwa mara tatu na kinyongo ninacho mpaka leo.

Mwaka jana kaunti ikatuletea bomba. Maji yalitoka kweli, mekundu kama chai ya rangi, yananuka misumari. Wiki ya kwanza watoto wote wanne wa jirani yangu Kebbeh wakaharisha. Ofisi ya maji ya kaunti ikasema wamekula maembe mabichi. Ulikuwa mwezi wa kumi, kwetu miembe haina hata ua, maembe gani?

Kisha mkuu wa maji wa kaunti, Bwana Sumo Yarkpawolo, akaja mwenyewe na karatasi. Mama Korto akitia dole gumba kwa niaba ya wanawake wa mtaa, maji yamepasishwa kuwa salama, na pampu inafungwa moja kwa moja. Asipotia, pampu inabaki na bomba linarudi kwa mafundi.

Bwana Yarkpawolo alihutubia huku akifyonza maji ya mfuko aliyokuja nayo kutoka mjini. Mdomo ukamponza.

"Leo nyinyi ni wageni wa kaunti!" akasema. "Kaunti ndiyo mwenyeji, kunyweni mpaka mkinai!"

Mama Korto akainuka, akakinga kikombe bombani, akampelekea kwa mikono miwili.

"Sumo mwanangu, umesema sisi wageni?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi onja."

Kwetu anayekupa maji hunywa yeye kwanza, auondoe uchawi, ndipo mgeni apokee. Mtoto wa Kikpelle hulijua hilo kabla hajaota meno, na mtu mwenye jina la kwetu kama Yarkpawolo hawezi kujitia halijui.

"Mama, wewe mkubwa wangu. Tangulia."

"Mgeni atangulie wapi? Au maji si yako?"

"Ni ya... ni ya wananchi."

"Ya wananchi! Sasa wewe umekuja kutupa nini?"

Dereva wake akaangua kicheko. "Bosi, kunywa bwana, jua linatuua!"

Akapiga funda moja. Shavu likavimba. Mtaa mzima tulilikodolea macho koo lake, na halikucheza. Akazunguka nyuma ya gari, tukasikia pwaa! Nilifurahi, sifichi.

Mama Korto akamrudishia karatasi yake vilevile, bila alama ya dole.

Siku ya pili redio ya kaunti ikatangaza kwamba maji yetu ni safi kabisa, tatizo ni ushirikina wa wanawake. Pale pampuni Kebbeh akabwaga ndoo yake chini.

"Umesikia, Mama? Eti sisi washirikina!"

Mama Korto hakuacha kupampu.

"Waache waseme. Hata mchawi humeza alichokipika."