Karatasi Yenye Kidole cha Bizimana

Ningali naikumbuka, mwanangu, Jumapili ile Bizimana alipokuja nyumbani kwangu na kibuyu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Goma ilikuwa bado mji mdogo, Wabelgiji wakitawala, nami nilikuwa kijana mwenye duka la mabati na vyerehani karibu na soko. Wazee wengi hupenda kusifu ujana wao. Wangu unanitia haya, na ndiyo sababu nakusimulia.

Bizimana alikuwa mshonaji, mtu wa milima ya Masisi kama mimi. Nilimkopesha cherehani, naye akaniachia karatasi ya kuahidi kulipa. Ilitaja faranga na tarehe, na chini yake alibandika kidole gumba chenye wino, kwa kuwa hakujua kuandika. Maneno niliyaandika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesoma miaka sita kwa mapadri na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Siku ile tarehe ilikuwa imepita wiki tatu. Aliketi, akatia mrija kibuyuni, akaonja yeye kwanza, kisha akanisogezea.

"Ndugu yangu," akasema, "maharagi imeoza mu mashamba, watu hawashone manguo. Uniongezee miezi mbili. Nitalipa yote."

Nikaushika mrija, nikanywa. Tulipokezana mrija ule mpaka kibuyu kikaisha, naye akaenda zake ameridhika, akakiacha kwangu. Wewe uliyezaliwa mjini labda hujui: kwetu mtu akija kukuomba jambo kwa pombe, nawe hutaki, hugusi mrija wake. Ukinywa, umekubali. Nilijua hilo vizuri kuliko nilivyojua Kifaransa changu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumshtaki. Kulikuwa na wadaiwa wengine waliokuwa na karatasi kwangu, nikataka wamwone yeye, waogope.

Karani wa tribunali alikuwa mtu mpole. Alinieleza taratibu: "Njia iko tatu. Mukubaliane mbele ya wazee alipe kidogo-kidogo, miye naandika. Ao tukamate vitu vyake, tuuzishe. Ao afungwe juu ya deni."

Nikasema afungwe. Nilijiambia kwamba ndugu zake wa Masisi wataona aibu, watauza ng'ombe, na wiki haitaisha kabla sijapata fedha zangu.

Siku ya shauri, mzee mmoja kati ya waamuzi aliisoma karatasi, akaiweka mezani, akanitazama.

"Kijana, alipokuja kukuomba, pombe yake ulikunywa?"

"Nilikunywa, muzee. Lakini karatasi haitaji pombe."

"Karatasi iko na haki," akasema. "Weye, hapana."

Hata hivyo hukumu ilifuata karatasi. Bizimana hakujitetea. Alipokuwa akitolewa nje alisimama karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa na kiu tu?"

Wafungwa walikuwa wakivunja mawe meusi ya volkano kwa ajili ya barabara, mvua iwanyeshee, jua liwachome. Ndugu zake hawakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuuza. Na cherehani, ambayo peke yake ingeweza kunilipa, ilikaa nyumbani kwake bila mshonaji. Kuhara damu kukamkamata gerezani. Alikufa kabla miezi miwili aliyoniomba haijaisha.

Baada ya maziko mkewe alikuja nyumbani kwangu. Alifungua fundo la kitenge, akaweka faranga mezani.

"Papa, franga zako njo hizi. Nimeuzisha cherehani. Unipe karatasi yake."

Nilitaka kuichana mbele yake, ajue deni limekwisha. Alinishika mkono.

"Usipasule. Kidole yake iko pale. Hatukukuwa na foto yake."

Nikampa. Akasema, "Na kibuyu yetu."

Kilikuwa bado kwenye kona, kimekauka. Kwetu kibuyu cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nilikimbilia gunia la maharage nitie japo kidogo. Yeye akafunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Acha hivyo, Papa."

Akaenda nacho kitupu. Nimezeeka, na bado naona aibu.

Mwanangu, sikuambii uache kudai. Ukikopesha, andika, weka tarehe, tafuta shahidi. Siku ikipita, kaa kwanza na mwenzako, na mkikubaliana tarehe mpya iandikeni chini ya ile ya zamani, ili mdomo na karatasi viseme neno moja. Akishindwa tena, nenda mbele ya waamuzi, haki yako ipo, omba alipe kidogo-kidogo. Akiwa anaficha mali, waache waikamate, lakini chombo kinachomlisha usikiguse, maana ndicho kitakacholipa. Mwili wa mtu usiuombe. Haukulipi kitu. Na kama umeshaamua kumshtaki, mwambie usoni, urudishe mrija wake ukiwa mkavu.

Mungu akujalie kudai bila kuua. Siku yako mbaya ikifika, akupe mtu wa kukuongezea miezi miwili, na kibuyu utakachompelekea kikurudie kimejaa.