Mkia wa Wimbo wa Babu

Nilikuwa nachagua mchele, ungo uko mapajani, pale babu yangu aliyekwisha kufa zamani alipokohoa jikoni kwangu.

Usicheke. Alikohoa kweli. Ni kile kikohozi cha wavuta tumbaku, kifupi, cha kusafisha koo. Kisha kuku akalia, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kisukuma, nyamazeni, kinarekodi. Ungo ulinitoka na mchele ukamwagika sakafuni. Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni na simu yake na kile kispika chake kidogo. Huyu mtoto hana habari na wanamuziki wanaojulikana. Huwatafuta wale wanaojirekodia chumbani kwao, wasio na kampuni wala meneja, wanaoupandisha wimbo mtandaoni na kumwachia Mungu. Akimsikiliza mmoja, simu inamletea mwingine wa kufanana naye. Siku hiyo ilimletea babu.

Chini ya wimbo pameandikwa: kanda ya zamani ya Kisukuma, mwimbaji hajulikani. Hajulikani! Nilikasirika kabla sijalia. Binti yangu aliogopa, akataka kuzima, nikamshika mkono. Wimbo ukaenda, ukaenda, nami nikawa najua utakatikia wapi. Ukakatikia palepale.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana hata wewe huenda uliishi na redio kaseti, unajua kuanika mawe ya redio, yaani betri, juani ili yapate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Sisi tulikaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi, na baba alikuwa mtu wa mashine kiwandani. Asubuhi king'ora kililia, baba akatoka na uji mdomoni. Ilikuwa ile miaka ya tisini mwanzoni, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi na redio za kila umbo, lakini kila jioni watu wazima walinong'ona kwamba kiwanda kitauzwa na watu watapunguzwa. Mimi nilizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na kibyongo. King'ora kikichelewa kidogo tu, nilijua kiwanda tayari kimeuzwa.

Njia ya kwenda kisimani ilipita kwenye kibanda cha jirani yetu wa kanda. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mlutheri, mpole, shati limechomekewa hata siku za joto. Alikuwa na redio ya mikanda miwili: unampelekea kanda tupu, unamwambia unataka nini, unakwenda sokoni, ukirudi imejaa. Lakini raha yake hasa haikuwa nyimbo za redioni. Alipenda wale ambao redio haikuwajua: kwaya ya mtaa wa pili, mpiga zeze kutoka Ukerewe, kijana wa gitaa aliyefukuzwa kila baa. Kila kilichopita mkononi mwake akakipenda, alijirekodia nakala yake, na aliyekuja kununua alianza kwa kusikilizishwa. Kwa spika iliyoning'inia nje ya kile kibanda nilijifunza muziki ambao sijawahi kuuona dukani hadi leo.

Sasa babu. Babu alikaa Magu, na pamba yake, na ng'ombe wake, na alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu, pamba ikishavunwa, makundi mawili yanashindana uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Hakuna mwamuzi. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kila msimu manju anatunga wimbo mpya, na katika wimbo huo anamsema manju mwenzake. Kwa hiyo wimbo unafichwa hadi siku yenyewe. Wapinzani wakiujua mapema watautungia jibu, na hapo umekwisha.

Na babu alikuwa karibu kwisha. Misimu miwili mfululizo watu walimkimbia, wakaenda upande wa pili. Wachezaji wake walianza kusema kando kwamba mzee apumzike. Bibi alimwambia baba jikoni, nami nikiwa namenya karanga, kwamba akiachwa peke yake uwanjani na mwaka huu, huyu hatainuka tena. Bibi hakuwa mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana niliacha kumenya.

Tatizo jingine lilikuwa la mambo mapya. Nusu ya wachezaji wa babu walikuwa vibarua mjini, Nyakato na kwingineko, na hawakuweza kwenda Magu kila jioni kujifunza kiitikio. Baba, ambaye ndiyo kwanza amenunua redio kaseti na anaibeba kama mtoto mchanga, akapata wazo: tumrekodi babu, kanda ije mjini, wachezaji wajifunzie chumbani kwetu, mlango umefungwa.

Tulikwenda. Nakumbuka ua wa babu siku ile, pamba imerundikwa barazani tunaichambua, safi huku, chafu kule, harufu ya moshi wa samadi, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Babu aliitazama ile redio kama anavyomtazama mnunuzi wa pamba mwenye mizani mipya. Bibi akatunyamazisha, kuku hakunyamaza. Baba akabonyeza kitufe chekundu. Babu akakohoa, akaimba. Wimbo ulikuwa juu ya jogoo anayewika adhuhuri akidhani ndiye amelileta jua, na kila mtu pale alijua jogoo ni nani. Tulicheka kwa kuziba midomo. Halafu katikati ya raha, babu akanyamaza na kunyoosha mkono mashine izimwe.

"Na mkia?" baba aliuliza, maana kila wimbo una mkia, ubeti wa kufungia, na ndio wenye pilipili.

"Mkia unabaki kwa mwenye ng'ombe," babu akasema, akajitwalia michembe.

Mjini wachezaji walikuwa wengi kuliko chumba chetu, ikabidi ipatikane nakala ya pili kwa wale wa mitaa ya mbali. Redio ya baba ilikuwa ya mkanda mmoja. Unaona tunakoelekea? Baba akaipeleka kanda kwa jirani yetu, akamwambia ni ya ndugu, akaenda zamu, aliporudi akazichukua zote mbili, akavunja vile vijino vya juu zisije zikafutwa. Hakumwambia kwamba ni siri. Kwa nini amwambie? Kwa Msukuma lile ni jambo la kila mtu kulijua, kama kutomsalimia mtu akiwa anaoga. Na jirani hakusikia neno hata moja la Kisukuma. Alisikia sauti tu, akaipenda.

Siku chache kabla ya shindano natoka kisimani, ndoo kichwani, nikamsikia babu barabarani. Sauti ya babu, juu ya mlango wa kibanda, na jogoo wake, na kuku wa bibi. Watu wamesimama wanatikisa vichwa. Miongoni mwao fundi baiskeli wa pale kona, ambaye mtaa mzima ulijua ni wa kundi la wapinzani, ameegemea nguzo, macho kayafumba, midomo inakwenda taratibu. Alikuwa anakariri. Nilikimbia kumwita baba, ndoo sijui niliiacha wapi.

Baba alikwenda pale na ovaroli lake la kiwandani. Nilidhani atapiga mtu. Alisimama tu mbele ya kibanda.

"Jirani, umetuua," alisema.

Jirani akazima upesi, akamwangalia baba, akaniangalia mimi. Baba akamweleza. Naona hadi leo jinsi yule mtu alivyokaa chini kwenye kreti la soda. Aliomba radhi mara nyingi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza jambo la hesabu, "Lakini wimbo mzuri namna hii utafichwaje?"

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilimwona babu uwanjani peke yake, kila nikifumba macho, vumbi na babu. Tulipofika Magu baba alishikwa na kigugumizi, ilibidi bibi amalizie kwa kubahatisha. Babu alisikiliza hadi mwisho. Wachezaji walitaka wimbo ubadilishwe, lakini muda wa kufundisha mwingine haukuwapo. Wengine wakashauri mganga wa kuvuta watu. Babu akasema mashine inameza kile unachoilisha tu, akaingia zake zizini. Mimi sikuridhika. Mtu mwenye wasiwasi haridhishwi na methali.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, miwa, mahindi ya kuchoma, akina mama na kanga zao. Wapinzani hawakungoja. Waliuchukua wimbo wa babu, kiitikio chake mwenyewe, wakaugeuza: kuna mzee watu wamemchoka, amekwenda kuimba ndani ya sanduku la Kijapani, kuku tu ndiye aliyeitikia. Hata kuku wa bibi walimweka! Watu walianguka kwa vicheko, wakaanza kuhama. Niliwaona wakiondoka upande wetu, mmoja mmoja, halafu kwa mafungu, hadi nyasi zikaonekana. Bibi alinishika bega akanibana hata nikaumia. Niliomba kwa Mungu wa shule na kwa mizimu ya babu, yeyote aliye karibu.

Babu aliimba wimbo wake wote, hajibu, hakimbii, kama mtu anayelima shamba lake. Wapinzani wakamfuatisha kwa dhihaka, mstari kwa mstari, kwa kuwa walikuwa wanaujua. Wakafika pale kanda ilipokatikia. Wao wakanyamaza, wakidhani wimbo umekwisha. Babu akainua mkono ngoma zikapungua, akakohoa, akaingia kwenye mkia.

Na hapa ndipo pananiuma. Sikuusikia. Aliimba mstari wa kwanza, watu wa mbele wakapiga ukelele, na uwanja mzima ukageuka. Walikuja mbio kama ng'ombe walioona maji, wakatumeza. Nikawa katikati ya miguu na vitenge na vumbi, nikisikia mapigo, nikisikia sauti ya babu inapanda na kushuka, na juu yake vicheko na vigelegele, lakini neno, hata moja, halikunifikia. Sikujali wakati ule. Nilijua tumeshinda, nikalia, nikapenga kwa kanga ya bibi.

Baba alimwomba baadaye arekodi ule mkia. Babu alikataa, si kwa hasira. Wimbo wa msimu uliopita hauimbwi tena, ni kiporo, mtu akiuimba atachekwa. Alitunga mwingine mwaka uliofuata, akafa akiwa manju, kitandani kwake, kundi lake likimzika kwa ngoma.

Kiwanda kilifungwa, kama nilivyoogopa. Jirani akarudi Bukoba na masanduku yake ya kanda, watu wakahamia kwenye sidii, kibanda kikawa cha vocha, sasa ni ukuta mtupu. Nakala ya wachezaji ilipotea; kanda yetu sisi, ile yenye vijino vilivyovunjwa, tuliyoihifadhi kwenye kopo la majani ya chai na kuikinga na mikono ya watoto, ililiwa na redio siku ya msiba wa bibi. Mkanda ulitoka umejikunja kama utumbo wa samaki, tukajaribu kuurudisha kwa kalamu, wapi. Baba, mzee sasa, anakumbuka vumbi tu. Wachezaji nimewauliza waliobaki: mmoja anasema ulikuwa juu ya jua, mwingine anaapa ulikuwa juu ya kuku.

Nilimwambia binti yangu amwandikie huyo aliyeupandisha wimbo. Amwambie mwimbaji anajulikana sana, ana jina, ana kijiji, ana wajukuu. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kuokota mchele. Ni kijana, yuko Bukoba. Kanda ameikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake, ambaye zamani, anasema, aliwahi kuwa na kibanda cha muziki Nyakato. Baba yake aliipenda kuliko zote. Hakuwahi kumwambia mwimbaji ni nani, alisema tu kwamba aliwahi kumkosea.

Nilikaa chini pale pale kwenye mchele. Kumbe tulichoibiwa ndicho kilichobaki. Tulichokificha, hakuna anayekijua tena.

Simu ikalia tena. Binti yangu akasoma kwa sauti: "Shikamoo mama. Asante sana, nitaandika jina la babu. Ila wimbo unakatika ghafla. Mwisho wake unasemaje?"

Binti yangu akanigeuzia simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Bado ni chekundu. "Imba mama," akasema, "nimtumie."

Nikakohoa. Sauti ninayo, inavyopanda ninaijua na inavyoshuka ninaijua, nikaifuata hadi mwisho mdomo umefungwa, mmm, mmm, na yule mtoto ananishikia simu, anasubiri maneno.